Mjomba wa mke wangu ananiuzia ardhi ya ufukweni Sumbawa, ninunue?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mkazi wa Kisauni, Mombasa. Mke wangu ni Mwindonesia. Tulijuana Doha tukiwa kazini, tukafunga ndoa huko miaka sita iliyopita, na tuna mtoto mmoja wa miaka minne. Kwao ni kijijini Wera, wilaya ya Bima, mashariki mwa kisiwa cha Sumbawa. Tuna akiba ya shilingi za Kenya milioni 3 hivi na tunafikiria kuhamia. Mjomba wake anatuuzia are 30 za ufukweni. Kwa kuwa mimi ni mgeni, anasema hati ibaki kwa jina lake, tuandikiane karatasi mbele ya mkuu wa kijiji. Nataka kujenga vyumba vinne vya watalii na nyuma nilime vitunguu. Je, pesa yangu ina usalama? Na maisha ya kule yakoje hasa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Usitume pesa. Mjomba huenda ni mtu mwema na nia yake safi kabisa, lakini njia aliyokuonyesha ndiyo imewamalizia akiba wageni wengi nchini Indonesia.

Ardhi ya Indonesia inaongozwa na Sheria ya Msingi ya Ardhi, namba 5 ya mwaka 1960. Umiliki kamili unaitwa hak milik, na maneno yote mawili utayaelewa bila mkalimani, maana ni haki na milki zile zile tulizozichukua kwa Waarabu. Haki hiyo ni ya raia wa Indonesia peke yake. Ibara ya 26 inaendelea: mauzo, hiba, wasia au tendo lolote linalokusudia kumfikishia mgeni hak milik, liwe la wazi au la kuzunguka, ni batili. Ardhi inaangukia mikononi mwa serikali, na malipo yaliyokwisha kupokelewa hayawezi kudaiwa kurudi. Soma tena hapo pa mwisho. Karatasi mtakayoandikiana mbele ya mkuu wa kijiji, ikisema kwamba mjomba ameshika hati kwa niaba yako, itakuwa ushahidi dhidi yako. Ukienda nayo mahakamani umeshajisema mwenyewe. Na mjomba akifariki kesho, warithi wake wana hati halali mkononi na wewe huna kitu.

Utasema: basi iandikwe kwa jina la mke wangu, yeye si raia? Ndiyo, lakini kuna jambo la kutangulia. Sheria ya ndoa ya Indonesia ya mwaka 1974, ibara ya 35, inasema mali inayopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Mke akinunua ardhi leo, nusu yake inahesabika kuwa yako, na wewe huruhusiwi kuwa nayo. Kwa miaka mingi wanawake wa Kiindonesia walioolewa na wageni walikuwa wananyimwa ardhi katika nchi yao wenyewe kwa sababu hiyo, na nadhani hata mjomba ndicho alichokisikia. Mwanamke mmoja aliyeolewa na Mjapani alinyimwa fleti aliyokuwa ameshailipia, akaipeleka sheria mbele ya Mahakama ya Katiba. Uamuzi ulitoka tarehe 27 Oktoba 2016, nao ulifungua mlango: mume na mke sasa wanaweza kuandikiana mkataba wa kutenganisha mali hata wakiwa wameshaoana. Zamani ilibidi ufanywe kabla ya ndoa.

Basi mpangilio ni huu, nao haugeuzwi. Ndoa yenu ya Doha isajiliwe Indonesia kwanza. Sheria inataka ifanyike ndani ya mwaka mmoja tangu kurejea. Kisha mwende kwa mthibitishaji wa hati, ambaye huko huitwa notaris, mwandike mkataba wa mali, na mkataba huo uandikishwe katika ofisi inayoshika kumbukumbu za ndoa yenu. Baada ya hapo ndipo mke anunue, kwa jina lake. Mkinunua leo na mkataba mkaja kuuandika mwakani, ardhi ile ilishaingia kwenye mali ya pamoja, na mtakuwa mnapiga viraka.

Najua swali linalokuja: mimi nabaki na nini? Wewe ni mtu wa Kisauni, kwa hiyo nina wepesi wa kukueleza kuliko ningekuwa namweleza mtu wa bara. Umekulia kwenye nyumba bila ardhi. Unajua mtu anavyoweza kujenga, kupangisha, hata kuuza nyumba, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine anayelipwa kodi ya mwezi. Sheria ya Indonesia ilijengwa juu ya mila, inayoitwa adat (tena neno letu, ada), nayo pia inatenganisha jengo na ardhi. Ndiyo maana mgeni anayeishi kule anaweza kukodi kiwanja kwa jina lake na kujenga juu yake. Kodi ikiisha, mkataba ndio unaosema nyumba inabaki ya nani, kwa hiyo kila neno la mkataba huo lina uzito. Ipo pia haki ya kutumia, hak pakai, ya miaka 30 inayoweza kuongezwa, lakini kwa nyumba ya mgeni serikali imeweka bei ya chini kwa kila mkoa, na nyumba ya kijijini haiwezi kuifikia.

Zungumzeni na habari ya kifo, ingawa haipendezi. Mke akitangulia, mume mgeni anaweza kurithi, ila kwa hak milik anapewa mwaka mmoja kuihamishia kwa raia. Asipofanya hivyo, haki inafutika. Kinga yenu ni mtoto. Sheria ya uraia ya mwaka 2006 inamruhusu mtoto wa ndoa kama yenu kushika uraia wa nchi zote mbili hadi miaka 18, kisha achague kabla ya kutimiza 21. Na Kenya nayo inakubali uraia pacha tangu katiba ya 2010. Kama uraia wake wa Indonesia bado hamjauandikisha, shughulikieni hilo kabla ya ardhi.

Sasa kiwanja chenyewe. Are moja ni mita za mraba 100, kwa hiyo unauziwa mita za mraba 3,000, na kwamba ziko ufukweni kunanipa wasiwasi kuliko kitu kingine. Kanuni za Indonesia zinaweka ukanda wa pwani usiopungua mita 100 kutoka mstari wa maji makuu ya bamvua kuelekea nchi kavu. Ndani ya ukanda huo kibali cha kujenga ni taabu kupata, na mara nyingi hata hati haitoki. Mpeleke mtu na kamba apime. Ikiwa sehemu kubwa ya hizo are 30 iko ndani ya mita 100, unauziwa mchanga wa kutazama jua likizama.

Uliza pia mjomba ana karatasi gani. Vijijini watu wengi wanashika risiti za kodi ya ardhi au barua ya kijiji, na wanaziita hati kwa moyo mweupe. Hati ni cheti cha Idara ya Ardhi, BPN, chenye namba na ramani, na mke wako anaweza kwenda ofisi ya wilaya na kuomba kikaguliwe kama hakina rehani wala kesi. Karatasi za zamani za mila zilipewa miaka mitano ziandikishwe. Kuanzia tarehe 2 Februari 2026 hazitambuliki tena kuwa uthibitisho wa haki. Mauzo yenyewe hufanywa mbele ya afisa wa hati za ardhi, PPAT, na katika tarafa za mbali mkuu wa tarafa anaweza kushika nafasi hiyo. Mkuu wa kijiji ni shahidi tu. Tenga asilimia 5 kwa kodi ya mnunuzi, na mjomba ajue ana asilimia 2.5 yake.

Na kama kipande cha nyuma ni shamba, kuna kifungo ambacho watu wa ughaibuni hukisahau: mwenye shamba la kilimo anatakiwa awe mkazi wa tarafa lilipo, au ya jirani. Wewe wa Pwani huhitaji kuelezwa kwa nini nchi itunge sheria ya namna hiyo, kwa sababu unajua mwenye shamba anayeishi ng'ambo amewafanyia nini maskwota. Kitambulisho cha mkeo kiwe cha Wera kabla ya siku ya kununua.

Nije kwenye biashara. Kampuni ya mgeni Indonesia inahesabiwa kuwa biashara kubwa tu: mpango wa uwekezaji lazima uzidi rupia bilioni 10, mbali na ardhi na majengo. Hizo ni karibu dola 600,000. Kwa hiyo usidanganywe na wakala wa mtandaoni anayekuahidi kampuni ya bei poa. Akiba yenu ni ya biashara ndogo, na biashara ndogo ni ya raia. Mke aisajili kwa jina lake. Namba ya biashara hutolewa mtandaoni bila malipo. Wewe uwe na kibali cha kuishi kinachodhaminiwa na mke, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 2011, ibara ya 61, inakuruhusu kufanya kazi au biashara ya kukimu familia yako. Kwa viza ya utalii usifanye lolote, hata kusimamia mafundi. Jirani mmoja mwenye kinyongo anatosha kukurudisha Mombasa.

Vyumba vya watalii: mimi nasema hapana, angalau kwa miaka ya mwanzo. Watalii wanaokwenda kuona Komodo wanashuka na ndege Labuan Bajo, kisiwa cha Flores. Wanaofika bahari ya Wera ni wazamiaji wanaokuja kuona Sangeang, kisiwa cha volkano kilicho mbele yenu, chenye mchanga mweusi na mapovu yanayotoka chini ya bahari. Hao wanalala kwenye meli walizojia na kula humo humo. Vyumba vyako vinne vitabaki vya kulaza wageni wa harusi.

Vitunguu ni habari nyingine. Bima ni miongoni mwa maeneo makubwa ya vitunguu vidogo vyekundu Indonesia, na kwa takriban siku 60 unavuna. Ila gharama kubwa iko mwanzoni: mbegu ni vitunguu vyenyewe, zinahitajika tani nzima na zaidi kwa hekta, halafu mafuta ya pampu na dawa ya wadudu. Bei hupanda na kushuka kwa namna inayoweza kummaliza mtu kwa msimu mmoja. Anza na robo hekta ya kukodi, pamoja na mkulima wa huko kwa kugawana mavuno, na usiongeze mpaka umeona bei mbaya mara moja.

Mtu akijua una pesa, atakuja kukuwekea shamba rehani: chukua ulime, siku nikikurudishia pesa nipe shamba langu. Ni desturi ya muda mrefu. Lakini sheria ya mwaka 1960 inasema shamba lililokaa rehani miaka saba au zaidi linarudi kwa mwenyewe bila malipo yoyote. Na mimi binafsi, hata kabla ya sheria, nisingependa uingie kijiji cha wakwe kama mshika mashamba ya watu wenye shida.

Kama ningekuwa na akiba yako, ningeweka sehemu kubwa kwenye ng'ombe. Sumbawa inafuga ng'ombe wa aina ya Bali, wadogo, wekundu, wanaovumilia kiangazi kwa majani makavu, na kila mwaka kabla ya Idd-ul-Hajj maelfu husafirishwa kutoka Bima kwenda Jakarta kuchinjwa. Unanunua mitamba, unampa mfugaji, ndama mnagawana. Mke ndiye mwenye mali kwenye daftari, hakuna hati ya ardhi, na mkishindwana na maisha ya kule mnauza na kuondoka. Hatari ipo: ugonjwa wa miguu na midomo ulirudi Indonesia mwaka 2022 baada ya nchi kuhesabiwa salama kwa zaidi ya miaka 30. Basi kila mnyama apate chanjo, na kundi lisiwe zizi moja.

Kuna kitu kimoja nakuomba kwa dhati usikiguse, nacho ni mahindi ya mlimani. Utaambiwa ndiyo pesa ya haraka, na ni kweli kwamba imewapa watu pikipiki na nyumba za matofali. Lakini milima ya Bima na ya Dompu, wilaya ya jirani, imenyolewa kwa ajili yake. Desemba 2016 mji wa Bima ulizama tarehe 21, ukazama tena tarehe 23. Februari 2025 maji ya ghafla yalishuka Wera hiyo hiyo, yakasomba nyumba na kuua watu. Anayekata msitu kule juu anamfungulia maji mama mkwe wako aliyelala bondeni. Kabla ya kuchagua pa kujenga, wazee wakuonyeshe maji yalifika wapi.

Kufika ni safari ndefu. Kutoka Mombasa utapita Nairobi na Ghuba hadi Bali, kisha ndege ndogo ya pangaboi hadi Bima, halafu barabara ya vilima hadi Wera, saa moja na nusu hadi mbili. Ukitaka kuiona nchi, pita Lombok kwa gari, uvuke kwa kivuko cha Kayangan hadi Poto Tano, kisha ukate kisiwa kizima. Hiyo ni siku nzima na zaidi, lakini utaona ni ardhi ya namna gani unayotaka kumleta mtoto. Usisahau cheti cha homa ya manjano. Msafiri anayetoka Kenya hutakiwa awe nacho. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kuchukuliwa kwa uzito pia, hasa kwa mtoto wa miaka minne anayecheza nje, kwa sababu mwaka 2019 ugonjwa huo ulizuka Dompu. Kijijini kuna kituo cha afya, puskesmas, kinachofaa kwa homa na uzazi wa kawaida. Jambo zito linakwenda Bima mjini, na zito zaidi Mataram, kwenye kisiwa cha Lombok.

Nenda mara mbili kabla ya kuhama: mara moja Septemba au Oktoba, kiangazi kinapoisha, uone visima vina maji gani, na mara moja Januari au Februari, uone mito. Mtu anayekwenda mwezi wa sita tu anarudi akiisifu nchi asiyoijua.

Mambo mengine yatakupokea vizuri kuliko unavyotarajia. Bima ilikuwa na masultani tangu karne ya 17, na adhana itakuamsha kama nyumbani. Wanawake wana vazi la rimpu, la vipande viwili vya kitambaa cha kufumwa, kimoja kiunoni na kimoja kichwani. Mpelekee mama mkwe doti ya leso na hutahitaji kueleza inavaliwaje. Pembeni mwa bahari ya Wera utakuta mafundi wakiunda mashua kubwa za mbao mchangani. Wengi ni watu waliohamishwa kutoka Sangeang volkano ilipolipuka mwaka 1985, na bado huvuka kwenda kulima na kuchunga kule. Ililipuka tena tarehe 30 Mei 2014, na majivu yakafuta safari za ndege hadi Darwin, Australia. Kiindonesia utakipata upesi: meza ni meja, bendera ni bendera, sabuni ni sabun, wakati ni waktu. Lugha ya nyumbani ya Bima ndiyo ngumu, na ndiyo wanayoitumia wakitaka usisikie. Jifunze hiyo.

Michango pia iweke kwenye bajeti. Kabla ya harusi au tohara ukoo hukutana kwenye mbolo weki, wakajadili na kila mmoja akatoa chake: pesa, mchele, mbuzi. Wewe umetoka kwenye harambee, unajua kwamba jina linaandikwa na linakumbukwa. Mkwe aliyetoka Ghuba anategemewa kutoa zaidi. Amueni na mke kiasi mapema, na kisitegemee nani ameomba kwa machozi.

Na pesa zinapita vizuri: karibu kila kijiji kina duka lenye wakala wa benki, anayetoa na kupokea fedha kama wakala wa M-Pesa wa kwenu. Siku ya kwanza kufika, mkeo aipeleke pasipoti yako kwa mwenyekiti wa mtaa, ndani ya saa 24.

Limebaki jibu la mjomba, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Watu wa Bima wana msemo wanaouishi: maja labo dahu, kuona haya na kuwa na hofu, hofu ya Mungu kwanza. Ukimjibu mjomba wewe mwenyewe kwa simu kwamba njia yake si halali, umemwaibisha, hata ukichagua maneno. Usimjibu. Mke azungumze na mama yake, na mama azungumze na kaka yake, ana kwa ana, nyumbani. Aseme hivi: watoto wetu wanataka kuandikisha ndoa na mkataba wa mali kwanza, jambo la miezi kadhaa, kisha binti yetu ndiye atakayeandikwa kwenye hati kama kiwanja kitakuwa nje ya mita 100. Kama mjomba ana haraka ya pesa, kwa mfano kuna mgonjwa au mtoto wa chuo, atalisema hapo kwa dada yake, na mtaweza kumsaidia kwa mkopo mdogo usiofungwa na ardhi. Kama ana mnunuzi mwingine, mwacheni auze.